Kikundi cha Biblia cha vijana wa kipaimara: tufanyeje ili Neno na michezo viende pamoja?

Mwalimu_wa_Jumamosi ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Ninafundisha kipaimara katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mkoani Kilimanjaro, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo naamini walimu wengi wa vijana wanakabiliana nalo. Wanafunzi wangu ni kama thelathini, wa umri wa miaka 12 hadi 15. Baadhi wako darasa la saba na wengine wameanza kidato cha kwanza na cha pili katika shule za kutwa. Tunakutana kila Jumamosi mchana, baada ya usafi wa kanisa. Wanajifunza Katekisimu, wanakariri Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, wanafanya mtihani, na siku ya kubarikiwa wanapendeza sana mbele ya wazazi wao. Jumapili chache baadaye wengi wao hawaonekani tena, na tunawaona upya wanapokuja kuandikisha ndoa.

Baraza la wazee limenikubalia kuanzisha, pamoja na somo la kawaida, vikundi vidogo vya kujifunza Biblia ambavyo vitaendelea hata baada ya kipaimara. Ninachotaka ni kwamba kijana aje kwa sababu anapenda kuja: asome Neno mwenyewe, aulize anachotaka kuuliza, acheke na wenzake, acheze, apate marafiki ambao atawakumbuka akiwa bweni au mjini. Lakini kila ninapojaribu kupanga, mambo mawili yananigawanyika mikononi. Nikianza na mchezo, wanachangamka, kisha nikisema "sasa tufungue Biblia" nyuso zinabadilika kama vile wameambiwa warudi darasani. Nikianza na Biblia, wanakaa kimya wakisubiri mchezo, na wale watatu au wanne wanaojua majibu ndio wanaojibu kila kitu.

Naomba wenye uzoefu wanieleze namna wanavyofanya. Tuna uwanja wa nyasi, miti ya kivuli, mpira mmoja na Biblia zisizozidi kumi na tano. Hatuna projekta wala fedha za kununua vitabu vya mafunzo, na wanafunzi wenye simu ni wachache, kwa hiyo nisingependa mpango unaotegemea simu.

Mlezi_Tanga amejibu:

Amina, mwalimu. Mimi ni mlezi wa vijana katika Kanisa Anglikana hapa Tanga, na swali lako limenigusa kwa sababu ndilo swali ambalo kila mlezi mpya huniuliza.

Ningeanza na ukubwa wa kikundi kabla ya kuzungumzia michezo. Watu thelathini ni mkutano, na katika mkutano kijana mwenye haya hawezi kusema kwamba hajaelewa. Wagawe katika vikundi vya watu sita hadi wanane, kila kikundi na kivuli chake, kila kikundi na Biblia tatu au nne za kusoma kwa kuchangia. Biblia zako kumi na tano zinatosha kabisa, na kuchangia kitabu kimoja kunawafanya wakae karibu na kusomeana kwa sauti.

Jambo la pili ni maswali. Kijana wa miaka 13 akiulizwa swali kanisani huutazama uso wa mwalimu ili kutafuta jibu linalotakiwa, na kwa kawaida hulipata, kwa sababu maswali yetu mengi hujibiwa kwa neno "Yesu" au "kuomba". Uliza maswali ambayo wewe mwenyewe huna jibu lake tayari: Ni nani katika habari hii unayefanana naye? Ni jambo gani limekushangaza? Ni nini hapa hukipendi? Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika nzima humsumbua mwalimu kuliko unavyowasumbua vijana, nao wakijua kwamba hutawaokoa kwa kujibu mwenyewe, wataanza kusema.

Sasa nije kwenye mgawanyiko unaokusumbua. Nadhani mchezo na Neno vinagombana kwa sababu mchezo umetolewa mahali pengine. Jaribu kuutoa mchezo ndani ya habari yenyewe. Chukua Marko 2:1-12, habari ya mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne. Kabla ya kusoma chochote, tandika mkeka imara au shuka nene kwenye nyasi, alale juu yake mwanafunzi mwepesi, na wenzake wanne washike pembe. Wengine wote wasimame wameshikana mikono wakizunguka mti mmoja, wao ndio umati, na wale wanne watafute njia ya kumfikisha mwenzao kwenye shina la mti bila kumburuta wala kumwangusha. (Mlezi asimame karibu, na mkeka usiinuliwe juu ya magoti, hili ni sharti.) Watahangaika, watacheka, watagombana kidogo juu ya nani anavuta upande usiofaa. Wakishachoka, waketi palepale na usome habari hiyo.

Utaona kwamba hakuna anayebadilika uso, maana wameshaingia ndani ya habari. Hapo waeleze kwamba nyumba za Palestina za wakati ule kwa kawaida zilikuwa na paa tambarare lililojengwa kwa miti, matawi na udongo, na mara nyingi zilikuwa na ngazi za nje, ndiyo maana watu wanne waliweza kupanda na mgonjwa wao na kulitoboa paa. Kisha waulize kuhusu mstari wa 5, unaosema Yesu "alipoiona imani yao". Imani ya nani? Mgonjwa hajasema neno hata moja mpaka hapo. Vijana wangu walijadili jambo hilo mpaka jua likashuka: je, rafiki anaweza kukubeba kwa imani yake wakati wewe huna nguvu? Na nani darasani kwenu amelala kwenye godoro na hakuna anayelishika pembe? Msichana mmoja ambaye alikuwa hajawahi kusema alitaja kwa sauti ndogo mwanafunzi mwenzake aliyeacha shule, na juma lililofuata wanne kati yao walikwenda nyumbani kwake.

Ninakushauri pia uchague habari ambazo vijana wamo ndani yake, nazo ni nyingi kuliko tunavyozihubiri. Yuko kijakazi mdogo wa nyumbani kwa Naamani katika 2 Wafalme 5, binti aliyechukuliwa mateka ambaye neno lake moja lilianzisha safari ya jemadari mzima. Yuko mtoto wa dada yake Paulo katika Matendo 23:16 aliyesikia njama ya mauaji na akaenda kuitoa taarifa kwa ujasiri. Yuko Roda katika Matendo 12, aliyefurahi mno kusikia sauti ya Petro hata akamsahau nje ya lango. Na yuko Eutiko katika Matendo 20, kijana aliyesinzia dirishani orofa ya tatu wakati Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane. Mpe kijana yeyote habari ya Eutiko aiigize, na hutahitaji kumwomba mara mbili.

Mwalimu_Mstaafu amejibu:

Ndugu mwalimu, nimesoma maelezo ya Mlezi wa Tanga kwa furaha, na mengi nayaunga mkono. Hata hivyo ninaomba nitetee jambo moja ambalo ninaona linaanza kudharauliwa, nalo ni kukariri.

Katekisimu Ndogo ambayo wanafunzi wako wanajifunza iliandikwa na Martin Luther mwaka 1529, baada ya yeye na wenzake kutembelea sharika za Saxony, Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata mambo ya msingi ya imani. Aliiandika kwa ajili ya baba na mama wa nyumba waitumie mezani pamoja na watoto wao na watumishi wao, na ndiyo sababu imejengwa kwa swali linalorudiwa kila mara: maana yake nini? Hayo ni mazungumzo. Sisi walimu ndio tuliyageuza kuwa mtihani wa kusimama mbele ya wazee huku magoti yakitetemeka. Kwa hiyo usiiweke Katekisimu upande wa mambo magumu na Biblia upande wa mambo ya furaha. Mpe kila mwanafunzi amri moja au sehemu moja ya Imani akawaulize wazazi wake au bibi yake nyumbani, "Wewe unaelewaje maneno haya?", na Jumamosi alete majibu yao kikundini. Utashangaa ni mangapi wazee wetu wanayo na hawajawahi kuulizwa.

Tena kukariri kwenyewe kunaweza kuwa kazi ya pamoja yenye furaha kubwa. Zaburi ya 121 ina mistari 8, na kikundi chako kina watu wanane au pungufu kidogo. Kila mmoja abebe mstari wake, wausome kwa zamu wakiwa wamesimama wakiutazama mlima Kilimanjaro, kisha wabadilishane mistari juma linalofuata, na kabla ya miezi mitatu kwisha wote watakuwa na zaburi nzima moyoni. Nimefundisha vijana ambao leo ni watu wazima wenye wajukuu, nao huniambia kwamba walipolazwa hospitalini au walipofiwa, kilichowajia midomoni ni yale waliyokariri wakiwa na miaka kumi na mitatu. Majadiliano husahaulika, lakini zaburi hukaa.

Nina ombi moja zaidi kuhusu vitendawili. Watoto wetu wanajua tangu utotoni kwamba mtu akisema "Kitendawili!" wenzake hujibu "Tega!", na aliyeshindwa hutoa mji. Waache watege vitendawili vya Biblia walivyovitunga wenyewe, kikundi kimoja dhidi ya kingine, kwa mfano: "Nilimeza nisichokula, nikatapika nchi kavu," na jibu ni samaki wa Yona. Hakuna anayeweza kutunga kitendawili cha habari ambayo hajaisoma kwa makini, na wakati wote atadhani anacheza.

Katekista_wa_Ziwani amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, katekista katika kigango kimoja mkoani Mwanza, na natumaini mtanipokea katika mazungumzo haya.

Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji katika Afrika Mashariki, kwa hiyo sisi tumezoea kukaa watu wachache nyumbani kwa jirani na kusoma Injili ya Jumapili inayokuja. Njia tunayoitumia mara nyingi ni ile ya hatua saba iliyoandaliwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana kwa sala, tunasoma kifungu, kisha kila mmoja anataja neno au sentensi fupi iliyomgusa na kuirudia polepole mara tatu, bila kuieleza. Baada ya hapo tunakaa kimya kwa muda, tunashirikishana yaliyotugusa, tunazungumza juu ya kazi ambayo Bwana anatuomba tuifanye, na tunamaliza kwa sala.

Ninaitaja njia hii kwa sababu ya wale vijana wako watatu au wanne wanaojibu kila kitu. Katika hatua ile ya kutaja neno tu hakuna anayejua zaidi ya mwenzake. Kijana anayesoma kwa shida anaweza kusema "usiogope, usiogope, usiogope", na amechangia sawasawa na anayeongoza darasa. Kwa vijana mimi hufupisha kimya kiwe cha dakika mbili, na hatua ya sita huifanya iwe kazi halisi ya mikono ambayo kikundi kizima kitaifanya juma hilo, kama kumchotea maji bibi anayeishi peke yake au kumsaidia mwenzao kazi ya nyumbani ya hisabati. Kazi hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko yote, tena wanaifanya wakiimba.

Kiongozi_wa_Watafuta_Njia amejibu:

Bwana asifiwe. Ninaomba kutofautiana kidogo na Mlezi wa Tanga, kwa heshima zote.

Sidhani kwamba kila mchezo lazima utoke ndani ya Biblia. Vijana wana akili. Wakigundua kwamba kila wanapokimbia kuna mahubiri yanawasubiri kwenye mstari wa mwisho, wataacha kukimbia. Katika Kanisa la Waadventista Wasabato tuna chama cha Watafuta Njia kwa vijana wa miaka 10 hadi 15, ambacho Konferensi Kuu, yaani uongozi wa kanisa letu duniani, ilikiidhinisha mwaka 1950, na humo mtoto anajifunza kufunga mafundo ya kamba, kutoa huduma ya kwanza, kuzitambua nyota na kupiga hema, pamoja na masomo ya Biblia. Kujua kufunga jeraha la mwenzake ni jambo jema lenyewe, halihitaji mstari wa kulihalalisha.

Kwa hiyo cheza nao rede kwa sababu rede inafurahisha. Cheza nao kombolela, wafundishe wasichana na wavulana kupiga danadana, rukeni kamba pamoja. Mlezi naye acheze, avue viatu, akubali kupigwa na mpira na kutoka nje. Imani ya kijana kwa mlezi wake hujengwa hapo, na siku atakapokuwa na swali zito juu ya Mungu, au juu ya kifo cha baba yake, atamwendea yule aliyecheza naye.

Ninaongeza jambo la matembezi ya usiku. Mkipata ruhusa ya wazazi, kaeni nje jioni moja isiyo na mawingu, someni Zaburi ya 8 kwa mwanga wa taa moja, kisha izimeni na mtazame juu bila kusema lolote kwa muda. Mahali kama pale kwenu, mbali na taa za mji, hakuna somo la uumbaji litakalozidi hilo.

Mama_wa_Mabinti_Wawili amejibu:

Shikamooni wazee wangu, na walimu wote nawasalimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi ambaye mabinti zake wako katika umri huo huo, na ninaomba mnisikilize katika yale ambayo mzazi huyawaza mtoto anapoondoka nyumbani kwenda "kikundi cha vijana".

Kwanza ni muda. Binti yangu ana kazi za nyumbani, na giza likiingia akiwa njiani sipati amani hata kama yuko na wenzake. Panga saa ya kumaliza na uiheshimu, maana kikundi kinachomaliza kwa wakati ndicho ambacho baba mkali atamruhusu mtoto wake arudi. Kwa sababu hiyo hiyo naomba ule usiku wa nyota ufanyike kwa utaratibu wa wazazi kuwepo. Mimi mwenyewe ningependa kuja.

Pili ni usalama, na hapa sitapunguza maneno. Kila kikundi kiwe na walezi wawili, mwanamke na mwanamume kadiri inavyowezekana. Vikao vifanyike mahali pa wazi. Na mlezi yeyote, hata awe mtumishi anayeheshimika kiasi gani, asikae peke yake na mtoto chumbani wala asimwite nyumbani kwake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo wanafunzi wako wote ni watoto. Kikundi kinachofanya kazi vizuri kitasikia mambo mazito, kwa kuwa mtoto husema palipo na masikio. Mlezi asiahidi kutunza siri kabla hajajua anachoambiwa. Mtoto akisema anapigwa kupita kiasi au anaguswa vibaya, mlezi amsikilize bila kumhoji kama mshitakiwa, amwambie kwamba hana kosa, na apeleke habari kwa ofisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Ipo pia namba 116, simu ya bure kwa ajili ya kumsaidia mtoto, na ningependa kila kijana wa kikundi hicho aijue kama anavyojua namba ya mama yake. Jambo kama hilo lisimalizwe kwa maombi peke yake wala kwa kikao cha ukoo.

Tatu ni chakula. Mihogo ya kuchemsha, karanga na chai vinatosha. Michango ya fedha iombwe kwa wazazi kimya kimya, isitangazwe mbele ya watoto, kwa sababu mtoto ambaye hana shilingi mia tano ataacha kuja na hatasema sababu.

Mwalimu_wa_Jumamosi amejibu:

Ninawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Milele na milele amina, katekista, na marahaba, mama, kwa niaba ya walimu wenye umri wa kuitikia. Maneno yako juu ya usalama nitayasoma mbele ya baraza la wazee kama yalivyo, na nitaomba yawe kanuni kabla ya kikao cha kwanza.

Nimeamua kwamba tutaanza na vikundi vinne vya watu saba au wanane. Nitachukua mkeka wa Marko 2 kwa siku ya kwanza, Zaburi ya 121 kwa kukariri, na hatua ile ya kurudia neno mara tatu kwa kila kikao. Rede itachezwa bila mahubiri. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ambayo kwetu huadhimishwa mwishoni mwa Septemba, kila kikundi kitaleta kanisani ngonjera au igizo walilolitunga wenyewe kutokana na walichosoma, na nina hamu kubwa ya kumwona Eutiko.

Yamebaki maswali mawili. Vikundi vinne vinahitaji viongozi, na mimi niko mmoja pamoja na mwinjilisti wa mtaa. Je, vijana waliokwishapata kipaimara, walioko kidato cha tatu na cha nne, wanaweza kuongoza? Na je, wasichana na wavulana wakae pamoja au watenganishwe?

Mlezi_Tanga amejibu:

Wanaweza, mwalimu, na hilo ndilo litakalowarudisha kanisani wale uliosema hawaonekani. Kijana wa miaka 17 aliyepewa jukumu la watu saba hatakosa Jumamosi. Usimpe mzigo wa kufundisha. Mpe kazi ya kusoma, kuuliza na kuhakikisha kila mmoja amesema. Walezi watu wazima wawepo karibu kwa ajili ya yale aliyoyasema mama hapo juu, na viongozi hao wakutane nawe Ijumaa jioni au kabla ya kikao ili wasome kifungu pamoja nawe kwanza, kwa maswali yale yale watakayowauliza wenzao. Waruhusu wakuulize magumu siku hiyo, ili wasiyakute wakiwa peke yao.

Kwa mwezi wao wa kwanza wa kuongoza, wape kitabu cha Yona. Kina sura 4, sura moja kwa Jumamosi, na habari yake inajiendesha yenyewe hata mikononi mwa kiongozi mgeni. Wachore ramani kubwa kwenye udongo kwa kijiti: Yafa katikati, Tarshishi mbali upande wa magharibi, Ninawi, ambao magofu yake yako Mosul nchini Iraki, upande wa mashariki, msomaji akitaja Yona anaelekea wapi, wote wakimbilie huko. Jumamosi ya nne waambie wasifunge mjadala, kwa kuwa kitabu chenyewe kinaishia kwenye swali la Mungu kuhusu mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, na Yona hajaandikiwa jibu.

Kuhusu wasichana na wavulana, wakae pamoja katika kusoma na kucheza, kwa kuwa wanahitaji kujifunza kuheshimiana wakiwa chini ya macho ya walezi. Mara moja kwa mwezi watenganishwe, mama mmoja wa kanisa aketi na wasichana na baba mmoja aketi na wavulana, wazungumze juu ya miili yao na urafiki kwa lugha ya staha isiyoficha mambo. Waambie mapema mada ni ipi, na uweke kisanduku ambamo watatumbukiza maswali yasiyo na majina, kwa sababu hayo ndiyo watakayoyauliza kwa dhati.